Neno Nililompunguzia Bi Zeyana

Wanangu mnaoanza kazi ya ukalimani katika skuli, wacha nianze na kiti. Mkiingia kwenye mkutano wa mzazi na walimu, msikae upande wa walimu. Kaeni ubavuni mwa mzazi, nyuma yake kidogo, ili akigeuka akuoneni, na akinyamaza mumsikie anavyovuta pumzi. Mimi hilo hapana mtu aliyenifundisha. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikikaa karibu na naibu mkuu wa skuli kwa sababu kiti kile kilielekea kiyoyozi, na joto la Muscat mwezi wa sita sina haja ya kukuelezeni.

Sikuisomea kazi hii. Niliajiriwa karani wa mapokezi katika skuli moja ya binafsi hapa Qurum, inayosomesha kwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuandika majina ya watoto waliofika baada ya kengele. Siku moja akaja mama mmoja wa kwetu, katika sisi Waomani tuliorudi kutoka Unguja, Kiingereza hana hata cha kuombea maji, na mwalimu naye hajui chochote ila Kiingereza. Wakabaki wanatazamana na kutabasamu. Nikaingia katikati nikafasiri. Basi kuanzia siku ile ikawa, akija mzazi asiyejua Kiingereza, awe wa Kiswahili au wa Kiarabu, "Mwiteni Rayya." Simu nazo nikawa bado nazipokea mimi.

Makosa yangu mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mwalimu mmoja alimwita baba wa mtoto wa darasa la kwanza, akamwambia kwa upole kwamba maneno ya mwanawe hayajafika pale yanapotakiwa yafike kwa umri wake. Mimi nikafupisha: "Anasema mtoto kachelewa." Yule baba akaruka. "Kachelewa vipi? Nimemshusha mimi mwenyewe getini saa moja kasorobo! Mwulizeni mlinzi!" Akataka mlinzi aitwe. Mwalimu akaniuliza mlinzi anahusiana nini na maneno ya mtoto. Ilituchukua robo saa kufahamiana, na tangu hapo nikanunua kidaftari nikawa naandika kila neno ambalo Kiswahili chake sina, nikifika nyumbani nalitafutia maelezo. Kidaftari hicho kilikuja kuwa vidaftari kumi na moja. Nyinyi mna simu zinazofasiri kila kitu, na mimi nimezitumia, ni msaada mkubwa. Lakini simu haioni mama alivyoushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kosa ninalotaka kukuelezeni leo halichekeshi. Nalisema kwa sababu nimewashukuru watu watatu kila siku tangu lilipotokea, na kuwashukuru bila kusema walinitoa wapi itakuwa nusu ya shukrani.

Katika skuli yetu kulikuwa na Chumba Namba Sita, mwisho wa ujia, mkabala na stoo ya vitabu. Humo waliwekwa watoto wenye mahitaji maalumu: asiyesikia vizuri, asiyeweza kutulia, ambaye herufi zinamchanganya. Darasa la kawaida walikuwa wakiliona wakipita kwenda chooni. Na kulikuwa na somo jengine, kila siku saa nne, ambapo mwalimu mmoja aliwakusanya watoto ambao kwao hakusemwi Kiingereza, akawafundisha taratibu mpaka wakaweza kufuatana na wenzao. Mambo haya mawili, Chumba Namba Sita na somo la saa nne, kwangu mimi yalikuwa mistari miwili kwenye ratiba. Sikuwahi kujiuliza mtoto anayehitaji yote mawili anakwenda wapi.

Akaja Shemsa. Alikuwa na miaka saba, anaishi Mawaleh na bibi yake, Bi Zeyana, kwa sababu mama mtu alikuwa masomoni nje na baba kazini jangwani kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko, mbili nyumbani. Kiswahili cha Shemsa kilikuwa cha bibi yake hasa. Ukifumba macho ungedhani anasema mtu mzima wa Malindi ya Unguja. Kiingereza hakukijua. Darasani alikaa kimya, akiitwa hageuki. Mtaalamu wa vipimo akaitwa, akamkalisha saa nzima akimuuliza maswali kwa Kiingereza, na Shemsa akayajibu maswali mawili. Ripoti ikasema akili yake haijafikia umri wake.

Bi Zeyana akaitwa mkutanoni. Alikuja na abaya lake jipya, ananukia udi, kama mtu aliyealikwa harusini. Naibu mkuu akasema maneno ninayoyakumbuka yote. Alisema mtoto atatolewa darasani, siku nzima atakaa Chumba Namba Sita, hatosoma hesabu wala sayansi pamoja na wenzake, na siku atakapofaulu mtihani wa Kiingereza ndipo watakapofikiria kumrudisha.

Bi Zeyana akanigeukia, anacheka kwa macho. "Wanasemaje, mwanangu?"

Nilimwonea huruma, wallahi. Nikasema, "Wanasema watamsaidia katika chumba kidogo, kwa utulivu, mpaka Kiingereza chake kikae vizuri."

Akashika mkono wa naibu mkuu kwa mikono yake miwili, akamwombea dua, akaniombea na mimi. Kisha akatia sahihi. Nilijua kwamba amefahamu ni saa moja kwa siku, kama masomo ya ziada. Nilijua, na nikamnyooshea kalamu.

Mwaka ule ule, katikati ya muhula wa pili, Chumba Namba Sita kikapata mwalimu mpya kutoka Bungoma, Kenya. Mwalimu Nekesa. Mwanamke mrefu, viatu vya raba, Ijumaa yuko kanisani kwa sababu huku Jumapili ni siku ya kazi, na sauti yake ilikuwa inafika mapokezi bila ya simu. Wiki yake ya pili akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Bi Rayya, una dakika mbili? Huyu Shemsa mlimpima kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Na kwao wanaongea nini?"

"Kiswahili."

"Sasa mbona hakuna mtu alimuuliza kwa Kiswahili?"

Nikatoa jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka usoni kunapata moto. Nikasema, "Hapana aliyeniomba."

Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa. "Ngoja nikuambie. Leo nimempa hesabu. Nikamwambia, una viazi ishirini na vinne, wagawie watu sita sawasawa. Unajua aliniuliza nini? 'Viazi vitamu au mbatata?' Mimi mbatata siijui! Kwetu kiazi ni kiazi. Ikabidi anifundishe kwamba ni viazi mviringo, akanicheka, halafu akasema, 'Kila mtu vine.' Hata vidole hakuhesabu." Akaipiga meza yangu kwa kiganja. "Mmeandika huyu mtoto haelewi swali. Ameniuliza swali mimi, nikashindwa kujibu."

Tukacheka sote wawili. Kisha akaniambia jengine: akisimama kushoto kwa Shemsa, hajibiwi. Akisimama kulia anajibiwa, lakini lazima mtoto amwone mdomo. Nikampigia simu Bi Zeyana, nikamwambia ampeleke mtoto hospitali akapimwe masikio. Majibu yakaja: sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia nusu. Akapewa kifaa cha kusikilizia. Siku ya kwanza alipokivaa alikaa chini ya dirisha la Chumba Namba Sita anasikiliza kiyoyozi, akamuuliza Nekesa kwa nini ukuta unakoroma.

Kwa hivyo Shemsa alikuwa na haja mbili. Alihitaji mtu anayejua namna ya kumfundisha mtoto asiyesikia vizuri, na alihitaji kufundishwa Kiingereza. Akili yake haikuwa na neno. Nekesa akachukua karatasi ya hospitali akaenda nayo kwa naibu mkuu, na mimi nikaitwa nipeleke faili, nikabaki mlangoni.

Nekesa akaomba Shemsa arudi darasani kwa hesabu na sayansi. Naibu akasema sharti ni mtihani wa Kiingereza. Nekesa akasema sawa, basi aingie somo la saa nne ajifunze Kiingereza. Naibu akasema somo la saa nne ni la watoto wa madarasa ya kawaida.

"Kwa hiyo hatoki mpaka ajue Kiingereza," Nekesa akasema polepole, "na hafundishwi Kiingereza mpaka atoke."

Naibu mkuu akaitazama ratiba yake kwa muda. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani naye ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia mambo hayo mawili yakisemwa kwa pumzi moja. Lakini akafunga faili. "Utaratibu ndio huo," akasema. "Na mzazi alikubali. Sahihi yake ipo."

Nilirudi mapokezi nikakaa. Simu ikalia, sikuipokea. Mzazi alikubali kitu nilichokitunga mimi.

Jioni ile nilikwenda Mawaleh. Soko kuu la mboga lilikuwa bado liko huko, njia imejaa malori, nikafika nyumbani kwa Bi Zeyana nimechoka na nimefurahi kuchelewa. Alinipokea kwa kahawa na halua. Shemsa alikuwa sakafuni anachora. Bibi akaniuliza kwa furaha, "Haya niambie, kwenye hesabu keshafika wapi na wenzake?"

Nikaweka kikombe chini, nikamwambia yote. Nikamrudilia maneno ya naibu mkuu kama yalivyosemwa siku ile, moja moja: siku nzima, hatosoma hesabu, mpaka afaulu. Kisha nikamwambia, "Mimi nilikupunguzia, Bibi. Nilikuona umefurahi, sikutaka kukuvunja moyo."

Bibi akamtazama Shemsa anavyokwaruza penseli. Akasema, "Nlikuombea dua wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Miezi mitano," akasema. "Kila asubuhi nnamsuka nywele, nnamwambia kakae mbele, usikilize mwalimu vizuri. Na akirudi nikimuuliza, ananambia katoka darasani. Kumbe nnampeleka akakae nje ya darasa." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Badala yake akanimiminia kahawa nyingine, akasema, "Kesho utanichukua kwa gari yako. Na utasema ninavyosema mimi. Nikikohoa, kohoa."

Siku ya pili, mbele ya naibu mkuu, na Nekesa naye yupo, nikakaa ubavuni mwake, nyuma kidogo. Hapo ndipo nilipojua kiti changu ni kipi. Kabla mkutano haujaanza nikaomba ruhusa niseme la kwangu. Naibu mkuu akanikumbusha kwamba mkalimani hana la kwake. Nikasema, "Hili ni langu," nikaeleza, kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili, kwamba sahihi ile ilipatikana kwa maneno yangu, si kwa maneno ya skuli, na kwa hivyo Bi Zeyana hakukubali kitu. Naibu mkuu akaandika kwenye karatasi yake. Niliona anaandika jina langu.

Kisha Bi Zeyana akasema, na mimi nikafasiri. "Mwambie mjukuu wangu ana sikio bovu, hana kichwa kibovu. Mwambie dawa ya sikio nimempeleka hospitali nimeitafuta. Dawa ya Kiingereza ndiyo niliyoijia kwake, maana kaandika mlangoni kwamba anafundisha Kiingereza. Sasa kama anataka mtoto aje nacho kutoka nyumbani, na aseme, nimfunze mimi, na mimi sikijui." Akakohoa. Nikakohoa. Nekesa akainamisha kichwa, mabega yanamcheza.

Naibu mkuu akauliza, kama Shemsa akirudi darasani, masomo ya Chumba Namba Sita atayapata vipi? Swali lilikuwa la haki, na Nekesa alikuwa na jibu tayari. Alikuwa kakesha na ratiba usiku ule. Shemsa awe darasani, akae safu ya mbele mkono wa kushoto, sikio lake la kulia lielekee mwalimu. Saa nne aende kwenye somo la Kiingereza na wenzake. Kipindi kimoja kwa siku aje kwake, kwa mambo ya kusikia na kusoma. Na hesabu apimwe kwa Kiswahili mpaka Kiingereza kimfikie. "Maswali nitaandika mimi," akasema, "na Bi Rayya atasahihisha viazi vyangu."

Hatukushinda siku ile. Tulipewa muhula mmoja wa majaribio, na mimi nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kabatini. Mwalimu wa darasa hakufurahi. Alisema ana watoto ishirini na sita, hawezi kuwa anasema na mmoja uso kwa uso. Wiki mbili za mwanzo Shemsa alilia kila mapumziko kwa sababu makelele ya darasa kwenye kile kifaa yalikuwa kama mvua ya mawe. Alikuwa akija mapokezi, anakivua, anakiweka juu ya meza yangu, anakaa chini dakika kumi, anakivaa tena, anarudi. Sikuwahi kumwambia vumilia. Nilikuwa nakifuta kwa kitambaa laini, namrudishia.

Kilichomgeuza mwalimu wa darasa ni hesabu. Alimwona mtoto anamaliza kabla ya wengine, halafu anamweleza jirani yake, kwa Kiingereza cha maneno matatu na mikono. Akaanza mwenyewe kumgeukia anaposema. Akagundua kwamba akiandika maneno mapya ubaoni kabla ya somo, darasa zima linafahamu zaidi. Muhula ulipokwisha, naibu mkuu aliniita. Nikadhani ni barua ya pili. Akanipa ratiba mpya nikaibandike: watoto watatu wengine wa Chumba Namba Sita wameingizwa somo la saa nne, na lile sharti la mtihani limefutwa. Hakusema samahani wala ahsante. Alisema tu, "Hakikisha wazazi wao wamefahamu. Wote, mpaka mwisho." Mtu huyo ndiye wa tatu ninayemshukuru, baada ya Nekesa na Bi Zeyana, maana angeweza kuiacha ratiba ilivyo, na hapana ambaye angemuuliza.

Basi haya niliyajua kwa njia hiyo. Kabla ya mzazi kutia sahihi, mwombeni akurudilieni kwa maneno yake yeye alichofahamu. Akisema sivyo, anzeni tena, hata kama mwenye mkutano anatazama saa. Walimu wasimame kila sentensi mbili. Wakisahau, inueni mkono, hawatakasirika wakishazoea. Likija neno tamu kama "msaada", ulizeni: saa ngapi kwa siku, chumba gani, na atakosa nini? Hiyo ya mwisho ndiyo ambayo hawaisemi. Mtoto akipimwa, ulizeni kapimwa kwa lugha gani. Si kazi yenu, watakwambieni. Ulizeni. Na mtoto asifanywe mkalimani wa mkutano wake mwenyewe, hata awe hodari vipi. Kuna maneno ambayo hafai kuyabeba kinywani kumpelekea mama yake. Na mkikosea, semeni siku ile ile. Mimi nilikaa miezi mitano.

Mwalimu Nekesa alimaliza mkataba akarudi Bungoma. Siku ya kuagana alinipa gunia dogo, nikalifungua: viazi. Akasema, "Mbatata, Bi Rayya, mbatata!" Tulicheka mpaka tukalia. Hupiga simu kila Idi, na mimi humpigia Krismasi.

Mkutano wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, mwaka jana, ulikuwa wa Shemsa. Ana miaka kumi na nne sasa, anapanda skuli ya juu, na walimu wake wapya walitaka kumpangia chumba cha peke yake kwa masomo magumu. Kwa wema, nawaambieni, walikuwa wakisema kwa wema. Bi Zeyana alikuwepo, amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Nikakaa mahali pangu. Nilikuwa ndio kwanza nafungua kinywa nifasiri, Shemsa akainua mkono akaomba aseme.

Akasema kwa Kiingereza. Sauti yake ina ule uzito kidogo wa watu wasiosikia vizuri, na hakuiharakisha. Alisema kama dakika mbili. Alipomaliza, walimu wakatazamana. Mmoja akavua miwani, mwengine akaanza kuandika.

Nikamgeukia Bi Zeyana nimfasirie. Akaniwekea mkono juu ya goti. "Subiri," akasema. "Utaniambia garini."

Garini nikamwambia, neno kwa neno, sikuharakisha. "Kasema: 'Sitaki chumba cha peke yangu. Nataka mwalimu anitazame anaposema. Nataka maneno mapya yaandikwe ubaoni. Na mtu akichekesha darasani, nielezwe alichosema, maana na mimi nataka kucheka na wenzangu.'"

Bi Zeyana alikuwa akitazama nje ya dirisha, magari ya Qurum yanapita. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ndivyo nilivyofahamu nilipomtazama usoni," akasema.